Kidonge Cheupe na Pua Iliyozibwa

Labda nyumbani kwako, juu ya ubao, karibu na chumvi na kiberiti, kuna vidonge vyeupe vya aspirini ndani ya karatasi. Kichwa kikikuuma, unameza kimoja. Jirani akija akisema jino linamsumbua, unampa kimoja naye. Mama mkwe akichoka mgongo kwa kulima, unampa viwili. Hakuna anayeiogopa aspirini. Watu wengi wanaiwaza kama chumvi: kitu cha kila nyumba, kisichoweza kumdhuru mtu.

Ni kweli, aspirini ni dawa njema. Lakini kuna watu ambao kidonge kimoja tu kinaweza kuwafunga pumzi mpaka kufa. Watu hao hawana alama usoni. Alama yao iko ndani ya pua. Katika somo hili tunataka kukufundisha alama hiyo, upate kujilinda mwenyewe na kuwalinda watu wako.

MFANO WA MWALIMU

Sikiliza mfano huu. Ni mfano tu, hatutaji kijiji wala jina, maana jambo la namna hii linaweza kutokea mahali po pote.

Mwalimu mmoja alikuwa na miaka 35. Kwa miaka mitatu alikuwa na mafua yasiyokwisha. Kila asubuhi pua zake zilizibwa zote mbili. Alilala kinywa wazi. Bibi yake alipopika sombe na samaki, yeye hakusikia harufu yake. Hata siku moja chakula kiliungua juu ya moto, naye ameketi karibu, asijue. Halafu, mwaka wa tatu, kifua chake kilianza kupiga filimbi usiku. Watu walimwambia, “Ni pumu.” Alinunua dawa kidogo, akaendelea na kazi yake.

Siku moja walikuwa katika matanga. Mwalimu alilala vibaya, kichwa kikamwuma. Shemeji yake akamwonea huruma, akatoa vidonge viwili vya aspirini mfukoni mwake, akampa. Mwalimu akameza bila woga. Alipokuwa kijana alimeza aspirini mara nyingi wakati wa homa, wala haikumfanya neno.

Saa moja haijapita, pua zake zilianza kutoa maji. Macho yakawa mekundu. Uso na shingo vikawaka moto. Kisha kifua kikafungwa. Alitaka kusema, lakini hakuweza kutoa maneno mawili kwa pumzi moja. Midomo yake ikaanza kugeuka rangi.

Ndipo mtu mmoja alipopiga kelele, “Sumu! Amepewa sumu!” Vijana wakamkamata shemeji. Wengine walitaka kumpiga, wengine walitaka kumwita mfumu aonyeshe mwenye hatia. Watu wote walisimama kumzunguka shemeji, na mgonjwa akaachwa peke yake chini ya ukuta akitafuta hewa.

Ndugu, mwalimu aliponea wapi? Mzee mmoja alisema, “Maneno yatangoja. Pumzi haingoji. Leteni pikipiki.” Wakamweka mwalimu katikati ya watu wawili, ameketi wima, wakamkimbiza hospitali. Munganga hakuuliza, “Nani anakuchukia?” Aliuliza, “Umemeza nini leo?” Akamtia dawa ya kufungua kifua na oksijeni. Kulipokucha mwalimu alikuwa hai. Ndipo munganga alipochukua taa na kutazama ndani ya pua zake. Kila upande aliona vinyama laini vimeziba njia.

Sasa tuulize pamoja: vinyama vile, na pumu ile, na kidonge kile, vinaunganika namna gani?

VYUMBA VYA HEWA NDANI YA USO

Mungu aliumba mifupa ya uso wetu yenye vyumba vidogo vya hewa ndani yake. Kuna vyumba ndani ya mashavu, kila upande mmoja. Kuna vingine ndani ya kipaji, juu ya macho. Kuna vingine vidogo vidogo katikati ya macho mawili, na vingine nyuma kabisa, chini ya ubongo. Wafransa wanaviita sinusi. Kuta za vyumba hivi zimefunikwa na ngozi nyembamba yenye unyevu, na kila chumba kina mlango mwembamba unaofunguka ndani ya pua. Ngozi ile inatoa ute kidogo, na ute unachukua mavumbi na kuyatoa nje kwa njia ya mlango.

Nyumba yenye mlango mmoja tu, mlango ukizibwa, takataka zinabaki ndani na kuoza. Ni vile vile na vyumba vya uso. Ngozi ya pua ikivimba, milango inafungwa. Ute unabaki ndani. Mtu anasikia uzito katika mashavu na kipaji, kichwa kinamwuma akiinama, kamasi nzito zinashuka kooni, na harufu inapotea. Kama hali hii inaendelea majuma 12 au zaidi, wanganga wanasema ni ugonjwa wa kudumu wa vyumba vya uso.

Ugonjwa huu una sababu nyingi. Moshi wa jikoni unausaidia. Jino la juu lililooza linaweza kuingiza usaha ndani ya chumba cha shavu. Kwa hiyo usiwaze kwamba kila mtu mwenye kamasi ni adui wa aspirini. Hapana. Tunasema juu ya watu fulani tu.

Kwa watu hao, ngozi ya pua inavimba kwa muda mrefu sana hata inaanza kuning'inia. Umekwisha kuona mbegu ya kakao inapotoka mbichi ndani ya tunda lake? Ni nyeupe, laini, yenye kuteleza. Vinyama vya pua vinafanana nayo. Wanganga wanaviita polipi. Si kansa. Havina uchungu. Lakini vinaziba njia ya hewa na kuondoa harufu, na vikikatwa, mara nyingi vinaota tena.

ASPIRINI ILITOKA WAPI?

Inafaa ujue habari za dawa hii, maana inaonyesha kwamba kitu chema kinataka akili katika kukitumia.

Katika mwaka 1763 mchungaji mmoja wa Uingereza, jina lake Edward Stone, aliandikia chama kikubwa cha wenye elimu katika London. Alisema alionja ganda la mti fulani unaoota kando ya maji, mti ambao Wafransa wanauita saule, akaona ni chungu kama ganda la mti wa kinini. Watu wa Kivu wanaujua mti wa kinini kwa mashamba yake. Basi mchungaji akakausha ganda la saule, akalisaga, akawapa watu kama 50 wenye homa, akaona homa ikishuka.

Baadaye watu wa elimu walitafuta kitu kilichokuwa na nguvu ndani ya ganda lile. Katika mwaka 1897, Felix Hoffmann, aliyefanya kazi katika kiwanda cha Bayer huko Ujerumani, alitengeneza aspirini safi. Katika mwaka 1899 kiwanda kilianza kuiuza. Baada ya miaka michache ilienea dunia nzima, kwa sababu ilishusha homa, ilipunguza uchungu, na bei yake haikuwa kubwa.

WANGANGA WALIJUA NAMNA GANI?

Labda wewe ulikwenda hospitali na homa, wakachukua damu yako kufanya kipimo cha Widal, kutafuta homa ya tumbo. Jina hilo la Widal ni la munganga wa Paris, Fernand Widal, aliyeonyesha kipimo kile katika mwaka 1896.

Munganga huyu huyu, pamoja na wenzake Abrami na Lermoyez, aliandika katika mwaka 1922 habari ya mgonjwa aliyekuwa na mambo matatu pamoja: pumu, vinyama ndani ya pua, na mashambulio makali kila alipomeza aspirini. Waliona kwamba mambo haya matatu si ya bahati tu, bali ni ugonjwa mmoja. Lakini waliandika kwa Kifransa, na wanganga wengi wa inchi nyingine hawakusoma. Ilikuwa mwaka 1968, huko Marekani, Max Samter na Roland Beers walipoandika juu ya wagonjwa wengi wa namna hii, ndipo habari ikaenea. Kwa hiyo wengine wanaita ugonjwa huu kwa jina la Samter, na Wafransa wanauita kwa jina la Widal. Ni ugonjwa ule ule.

Watu wenye hali hii ni wengi namna gani? Hesabu zilizokusanywa, hasa Ulaya na Marekani, zinaonyesha hivi: kati ya watu wazima 100 wenye pumu, karibu 7 hawawezi aspirini. Kati ya watu 100 wenye pumu kali sana, karibu 15. Kati ya watu 100 wenye vinyama vya pua, karibu 10. Si wengi. Lakini kwa yule mmoja aliye nyumbani kwako, hesabu haisaidii. Kwake ni uzima au kifo.

NDANI YA MWILI KUNAPITA NINI?

Waza shamba lenye kijito kimoja cha maji. Kijito kinagawanyika kuwa mifereji miwili. Mfereji wa kwanza unapeleka maji upande mmoja, wa pili upande mwingine. Katikati anasimama mlinzi, anayeangalia mfereji wa pili usijae kupita kiasi.

Ndani ya mwili kijito kile ni mafuta fulani yaliyo katika kuta za chembe zetu. Mfereji wa kwanza unatengeneza vitu vinavyoitwa prostaglandini. Baadhi yake vinaleta uchungu na homa. Lakini kimoja kati yake ni yule mlinzi: kinatuliza pua na kifua. Mfereji wa pili unatengeneza vitu vinavyoitwa lukotrieni. Hivi vina nguvu ya kuvimbisha ngozi ya pua, kuongeza kamasi, na kukaza njia za pumzi.

Aspirini inafunga mfereji wa kwanza. John Vane alionyesha jambo hili katika London mwaka 1971, na mwaka 1982 alipewa zawadi ya Nobel pamoja na wenzake wawili wa Sweden. Kwa watu wengi, mfereji wa kwanza ukifungwa, uchungu unapungua na hakuna hatari katika pumzi. Lakini kwa watu wenye ugonjwa huu, mfereji wa pili umekwisha kujaa sana, na mlinzi peke yake ndiye anayeuzuia. Aspirini inapomwondoa mlinzi, maji yanavunja ukingo. Lukotrieni zinajaa ndani ya pua na kifua kwa muda mfupi. Katika mwaka 1975 Andrzej Szczeklik na wenzake katika mji wa Kraków, inchi ya Polandi, walionyesha kwamba dawa zo zote zinazofunga mfereji ule wa kwanza zinaweza kuwashambulia wagonjwa hawa.

Kutokana na hayo, ushike mambo matatu:

Kwanza, ugonjwa huu haufanani na ule wa mtu anayevimba kwa kula samaki au kuumwa na nyuki. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kuuonyesha. Unajulikana kwa habari za mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo sema ukweli wote mbele ya munganga.

Pili, aspirini haikuanzisha ugonjwa wa pua. Mtu anayeacha aspirini hatapona pua yake kwa kuacha tu. Ugonjwa unaendelea ndani, na kidonge kinauwasha kama petroli juu ya makaa.

Tatu, mtu anaweza kumeza aspirini miaka 30 bila neno, kisha mwaka wa 31 akashambuliwa. Kwa kawaida ugonjwa unaanza kwa watu wazima, mara nyingi kati ya miaka 30 na 40. Kwanza mafua yasiyokwisha, kisha harufu inapotea, kisha pumu inaingia. Usiseme, “Dawa hii naizoea tangu utoto.” Mwili wa leo si mwili wa zamani.

DALILI ZA SHAMBULIO

Shambulio linakuja mara nyingi kati ya dakika 30 na saa 3 baada ya kumeza. Pua inazibwa au inatoa maji mengi. Mtu anapiga chafya. Macho yanakuwa mekundu. Uso na shingo vinapata joto. Kifua kinafungwa na kupiga filimbi. Wengine tumbo linauma, wengine wanatapika, wengine ngozi inawasha. Usidanganyike kwa kukata kidonge. Wako watu ambao hata sehemu ndogo ya kidonge inatosha kuwaangusha.

NDUGU ZA ASPIRINI

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mtu anaambiwa, “Usimeze aspirini,” naye anatii. Kisha anakwenda sokoni na kununua ibuprofeni, kwa sababu jina si lile. Lakini ndugu wa adui amekaa katika nyumba ile ile. Dawa hizi zote zinafunga mfereji ule ule:

— aspirini, ya kidonge au ya unga;
— ibuprofeni;
— diklofenaki, ya kidonge au ya sindano;
— indometasini;
— naprokseni;
— metamizole, ambayo watu wanaijua kwa jina la Novalgine.

Tena kuna unga na vidonge vya mafua na kichwa vilivyochanganywa dawa mbili au tatu, na mara nyingi aspirini imo ndani. Kama huwezi kusoma karatasi yake, au kama haina karatasi, usimeze.

BASI, NIMEZE NINI?

Mtu mwenye pumu na pua iliyozibwa siku zote, akiwa na uchungu au homa, kwa kawaida anaweza kumeza parasetamoli, kidonge kimoja cha miligramu 500 kwa mara moja. Asianze kwa kumeza miligramu 1000 pamoja, maana kipimo kikubwa kinaweza kuwasumbua baadhi yao. Mara ya kwanza ameze akiwa karibu na watu, si peke yake njiani.

Lakini kumbuka, homa si ugonjwa, ni kengele. Katika inchi yetu homa inataka kipimo cha malaria kwanza. Anayenyamazisha kengele bila kutafuta moto, nyumba yake itaungua.

Na watoto je? Usimpe mtoto mwenye homa aspirini, hata kama hana pumu. Kuna ugonjwa mkali wa ubongo na ini, unaoitwa kwa jina la munganga Reye wa Australia aliyeuandika mwaka 1963, unaoweza kumpata mtoto anayepewa aspirini wakati wa mafua au tetekuwanga.

Neno moja tena. Kama munganga amekuagiza kumeza aspirini ndogo kila siku kwa ajili ya moyo, nawe huna shida ya pumzi, usiiache kwa sababu ya somo hili. Endelea. Kama una pumu au vinyama vya pua, nenda umwulize kabla ya kubadili cho chote.

SHAMBULIO LIKIJA, FANYA HIVI

1. Mketishe mgonjwa wima, ainame mbele kidogo. Usimlaze chali.
2. Ondoa watu wanaomzunguka, wala usiwashe moto karibu. Anahitaji hewa safi.
3. Kama ana pampu yake ya salbutamoli, avute mara moja, kisha angoje kidogo na kuvuta tena, mpaka mara nne, huku mkitafuta njia ya kwenda hospitali.
4. Usimnyweshe maziwa, wala mafuta, wala dawa ya majani kwa nguvu. Mtu asiye na pumzi anaweza kuvuta maji ndani ya mapafu.
5. Mpeleke hospitali bila kukawia, kwa pikipiki, kwa gari au kwa kipoyi. Katika kipoyi pia aketi wima.
6. Chukua karatasi ya dawa aliyomeza, au kidonge kilichobaki, umwonyeshe munganga.
7. Hata akipata nafuu njiani, msirudi. Kifua kinaweza kufungwa tena.

MATUNZO YA KILA SIKU

Ugonjwa huu haukwishi upesi, lakini unaweza kushikwa.

Osha pua kwa maji ya chumvi. Chemsha maji vizuri, uyaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Katika nusu litre tia kijiko kidogo kimoja cha chumvi safi. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, inama juu ya beseni, pumua kwa kinywa, na sukuma maji polepole ndani ya pua moja mpaka yatoke kwa nyingine. Fanya asubuhi na jioni. Usitumie maji ya mto au ya kisima yasiyochemshwa.

Munganga anaweza kukupa dawa ya kupuliza ndani ya pua ili kupunguza uvimbe, na dawa ya kuvuta kifuani kila siku kwa ajili ya pumu. Ndugu, uzitumie hata siku unazojisikia vizuri. Wengi wanaacha siku wanapopata nafuu, kisha wanashangaa ugonjwa unaporudi. Ziko pia dawa zinazozuia lukotrieni, kama vile montelukasti. Na vinyama vikiziba pua kabisa, munganga wa upasuaji anaweza kuvitoa. Vinaweza kuota tena, hasa kama matunzo yanaachwa.

Acha tumbako. Jikoni fungua dirisha, au pika nje. Na pombe? Sisi wa kanisa tumezoea kusema juu ya pombe kwa sababu nyingine, lakini hapa tunasema kwa sababu ya pua. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wa namna hii wanasema kwamba hata pombe kidogo inawaziba pua au kuwakaza kifua.

Labda utasikia kwamba katika hospitali kubwa za mbali wanawazoeza wagonjwa kwa kuwapa aspirini kidogo kidogo, mpaka wanaweza kuimeza kila siku, na vinyama vya pua vinakawia kurudi. Ni kweli. Lakini wanafanya hivyo wakiwa na wanganga karibu saa zote, na vyombo, na oksijeni tayari. Ukijaribu nyumbani, unajaribu kifo.

Uende hospitali upesi kama jicho linavimba pamoja na maumivu ya kipaji, kama kichwa kinauma sana na shingo ni ngumu, au kama pua ya upande mmoja tu inazibwa na kutoa damu. Haya yanaweza kuwa magonjwa mengine makali.

KWENU MNAOTOA DAWA

Ninyi wauguzi, na ninyi mnaouza dawa sokoni, sikieni neno hili. Kabla ya kutoa aspirini, ibuprofeni au sindano ya diklofenaki, uliza maulizo matatu: “Una pumu? Pua yako imezibwa siku zote, au umepoteza harufu? Dawa ya uchungu ilikwisha kukudhuru?” Maulizo haya hayachukui dakika moja. Hayaombi vyombo wala franga. Mtu akijibu ndiyo, mpe parasetamoli, na umtume kwa munganga.

Na mgonjwa akijulikana, andika kwa herufi kubwa juu ya fishi yake: ASIPEWE ASPIRINI WALA NDUGU ZAKE. Mwenyewe achukue karatasi ya maneno hayo mfukoni kila siku, na watu wa nyumba yake wayajue kwa kichwa. Maana siku ya shambulio yeye hataweza kusema.

HAIKUWA SUMU

Turudi kwa mwalimu na shemeji yake.

Mwalimu alipopata nguvu, munganga aliita watu wa familia yote, pamoja na shemeji, ambaye uso wake ulikuwa bado umevimba kwa makofi ya vijana. Akachukua vidonge viwili kama vile alivyotoa, akavionyesha mbele yao. “Hivi ni vidonge vizuri,” akasema. “Mtu huyu alimpa ndugu yake kitu ambacho yeye mwenyewe anakimeza. Hakujua, na ninyi hamkujua, na mgonjwa mwenyewe hakujua. Ugonjwa ulikuwa ndani ya pua tangu miaka mitatu, ukingoja.”

Vijana walinyamaza. Kisha mmoja wao akasimama, akamshika shemeji mkono.

Ndugu msomaji, katika vijiji vyetu kilio cha sumu kimekwisha kuvunja nyumba nyingi. Mtu anakufa ghafula baada ya kupokea kitu mkononi mwa mwenzake, na mara moja watu wanatafuta mwenye hatia. Hatusemi kwamba hakuna watu wabaya duniani. Tunasema hivi: usimhukumu mtu mahali ambapo hujauliza ugonjwa. Mungu, ambaye anaona mambo ya ndani, ametupa pia akili ya kuchunguza. Anayemshitaki mwenzake bila kujua anamchukulia mtu jina lake, na jina halirudishwi kwa sindano.

Kwa hiyo leo, kabla ya kulala, fanya mambo mawili. Tazama vidonge vilivyo nyumbani mwako, ujue majina yake. Kisha waulize watu wako, “Kati yetu ni nani asiyesikia harufu? Ni nani anayepiga filimbi kifuani usiku?” Kama yuko, mwambie maneno haya, na umlete hospitalini. Afadhali kusafiri siku moja akiwa anatembea kuliko kumchukua usiku akiwa hana pumzi.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA

1. Vyumba vya hewa viko wapi ndani ya uso, na milango yake inafunguka wapi?
2. Mambo matatu yaliyo ugonjwa mmoja ni yapi?
3. Kwa nini mtu aliyemeza aspirini tangu utoto anaweza kudhurika leo?
4. Taja dawa nne zilizo ndugu za aspirini.
5. Shambulio likija, mgonjwa akae namna gani?
6. Mzee wa mfano wetu alisema nini, na maneno yake yalimwokoa nani? Je, alimwokoa mtu mmoja au wawili?